Kwa nini misuli huuma siku inayofuata

MCHEZAJI wa soka aliyetoka Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, na mkulima aliyeshuka vilima vya Muleba na mkungu wa ndizi kichwani, wanaweza kuamka kesho yake wakiumwa mapaja. Sababu ni moja.

Mwili wa binadamu una misuli zaidi ya 600. Msuli huvuta tu, hausukumi. Ndiyo maana mingi hufanya kazi kwa jozi. Mchezaji anapopiga mpira, misuli ya mbele ya paja hujikaza na kunyoosha goti, kisha ile ya nyuma huuzuia mguu usipitilize.

Mtu anaposhuka mlima au kusimama ghafla akikimbia, misuli ya paja hujikaza huku ikirefushwa. Mvutano huo hujeruhi nyuzi zake kidogo kidogo, na maumivu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72. Hayatokani na asidi ya mazoezi, kama wengi wanavyoamini. Hiyo huondoka misulini mapema.

Maumivu hayo hupoa yenyewe baada ya siku chache. Lakini yanayochoma ghafla mchezoni huweza kuwa dalili ya msuli kuchanika: mchezaji atoke uwanjani. Mkojo ukiwa mweusi mithili ya kahawa, awahi hospitali.