Njia moja ikifungwa, nchi tano huumia: Funzo la Januari 2008

Mfanyabiashara wa Kampala au Kigali anaweza kufanya hesabu zake vizuri, akalipia mzigo na kupata lori, lakini biashara yake ikaanguka kwa jambo lililotokea mamia ya kilomita kutoka dukani kwake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwanzoni mwa 2008.

Matokeo ya uchaguzi wa Rais wa Kenya yalitangazwa Desemba 30, 2007, na ghasia zikazuka. Zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha na mamia ya maelfu walihama makazi yao. Vijana waliweka vizuizi barabarani maeneo ya Bonde la Ufa na magharibi mwa nchi, huku reli ya kwenda Uganda iking'olewa katika eneo la Kibera, Nairobi.

Barabara na reli hizo ni sehemu ya Ukanda wa Kaskazini, unaoanzia bandari ya Mombasa na kuhudumia Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Magari yalipokwama, athari zilisambaa kwa hatua.

Kwanza ni mafuta. Bomba kutoka Mombasa lilikuwa likifika Eldoret na Kisumu, na kutoka hapo malori ya matangi yalibeba mafuta hadi nchi jirani. Kwa hiyo hata mafuta yalipokuwepo kwenye matangi, hayakuweza kuvuka mpaka. Bei ya petroli Kampala ilipanda ghafla na foleni zikawa ndefu vituoni. Rwanda ililazimika kugawa mafuta kwa kipimo.

Pili ni nauli na chakula. Mafuta yakipanda, mwenye daladala au bodaboda hupandisha nauli, na mwenye lori la ndizi au maharage hupandisha gharama ya kubeba. Hivyo hata chakula kilicholimwa nchini, ambacho hakikupita Mombasa, hupanda bei.

Tatu ni huduma muhimu. Uganda wakati huo ilikuwa ikitegemea pia majenereta ya dizeli kuongeza umeme. Hospitali, mitambo ya maji na minara ya simu nayo huhitaji dizeli umeme unapokatika. Malori ya chakula cha msaada cha Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) nayo yalikwama.

Nne ni bandari yenyewe. Mzigo usiotoka huziba nafasi ya mzigo unaoingia. Makontena yalirundikana Mombasa. Kwa kawaida, siku za kuhifadhi bila malipo zikiisha, gharama za hifadhi huanza kuhesabiwa, na mwenye meli hudai malipo kwa kila siku kontena lake linapochelewa kurudishwa. Mwenye lori naye hulipa posho ya dereva na utingo na rejesho la benki wakati gari limesimama.

Mkataba wa kugawana madaraka ulitiwa saini Februari 28, 2008, lakini njia kufunguka hakumalizi hasara siku hiyo hiyo. Mzigo uliorundikana hugombea malori yale yale, na nauli za mizigo hubaki juu.

Baadhi ya wafanyabiashara waligeukia Ukanda wa Kati, yaani Dar es Salaam hadi Rusumo kwa Rwanda, Kabanga kwa Burundi na Mutukula kwa Uganda. Lakini kwa mwenye mzigo wa Kampala njia hiyo ni ndefu zaidi, na aliyekuwa hajawahi kuitumia hakuwa na wakala wa forodha wala msafirishaji anayemjua huko. Njia mbadala haitafutwi siku ya dharura.

Mwaka 2020 funzo lilirudi kwa sura nyingine, pale upimaji wa madereva kwa ajili ya Covid-19 ulipoleta foleni ya kilomita nyingi Malaba. Hakukuwa na ghasia, lakini matokeo kwa mwenye mzigo yalifanana.

Yapo mambo matatu ya kukagua kabla ya safari ijayo. Bima nyingi za mizigo hazilipi hasara ya ghasia na migomo mpaka kipengele hicho kiongezwe, hivyo soma hati yako. Mkataba wa usafirishaji uandike wazi nani analipa gari likikwama njiani. Na bidhaa isiyoweza kukosekana dukani iwe na akiba ya wiki kadhaa. Akiba hufunga mtaji, ni kweli. Lakini Januari 2008 aliyekuwa na akiba ndiye aliyeendelea kuuza.