Onesimo Alipofika Rabai

Pale Kengeleni, Kisauni, matatu hugombania abiria mbele ya tao la zamani lenye kengele, na wengi wanaoshuka hapo hawaulizi iligongwa kwa ajili ya nani. Ni ya Frere Town, kijiji cha mateka waliokombolewa kilichoanzishwa na misheni ya Kianglikana ya CMS mwaka 1875. Historia ya kanisa huku bara huanzia kwa mmisionari Krapf aliyefika mwaka 1844, na si vibaya. Lakini swali zito zaidi la Biblia lililetwa na watoro.

Mkataba aliotia saini Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1873 ulikataza kusafirisha watumwa baharini. Kummiliki mtumwa kulibaki halali. Mateka aliyeshushwa na manowari ya Waingereza hakuwa na wa kumdai. Mtoro wa shambani alikuwa na bwana aliyejulikana kwa jina na mtaa, na akibisha hodi misheni usiku, bwana atafika asubuhi. Wakubwa wa misheni, kwa kuogopa vurugu, waliagiza watoro wasipokewe. Andiko la kuwaunga mkono lilikuwepo: Paulo alimrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni. Lilikuwepo na la kuwapinga, Kumbukumbu la Torati 23:15, linalokataza kumtoa mtumwa aliyekimbilia kwako.

Huko Rabai, kituo kingine cha misheni hiyo, William Jones aliwapokea watoro. Naye aliuzwa utumwani utotoni, akakombolewa, akalelewa India, na mwaka 1885 Askofu Hannington akampa ushemasi pale Frere Town. Yapo ya kumjibu: je, si alimpuuza Paulo? Sioni hivyo. Onesimo alirudi na barua mkononi, Paulo amejitolea kulipa deni lake, kwa mtu ambaye kanisa lilikutana nyumbani kwake. Filemoni angebanwa na ndugu zake mwenyewe. Mtoro wa Rabai angerudi kwa nani, na barua ya nani? Ukiondoa hayo yote, ukabakiza neno "alimrudisha" peke yake, hiyo si barua ya Paulo tena.

Wengine husema kilichowaweka huru ni fedha, si maandiko. Ni kweli kwamba mwaka 1888 George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA alikubali kuwalipa mabwana fidia ya watoro wapatao 1,400, wengi wao wa Rabai. Ila fedha hizo zilitafutwa kwa sababu watu walikuwa wameshajenga na kulima pale, hawafukuziki tena bila fujo. Jones angewarudisha mmoja mmoja, Mackenzie asingekuta wa kulipiwa. Tarehe 1 Januari 1889 wakagawiwa hati zao. Fidia ilikwenda kwa mabwana. Waliowalimia mashamba miaka yote hiyo walipata karatasi.