Injini Kumi na Mbili, Bomba Moja

Wenzangu wasomaji, na ninyi wakubwa zetu mliokwisha kutoka shuleni, huenda mtauliza: mwanafunzi wa Busia ana habari gani na umeme wa vituo vya data? Jawabu ni kwamba mama yangu huuza dagaa sokoni upande wa Kenya, na wateja wake wengi hutoka Tororo. Siku hizi fedha zake hazifungwi katika pindo la kanga. Zimeandikwa ndani ya kompyuta zilizo mbali, nazo humfikia kwa simu. Jioni moja mtandao ulikatika, mteja akashindwa kulipa, dagaa zikarudi nyumbani. Fedha hizo ndizo zingalikuwa ada yangu. Tangu siku hiyo nikaanza kuuliza ni nani azilindaye kompyuta zile zisizime.

Kituo cha data ni nyumba iliyojaa kompyuta zifanyazo kazi usiku na mchana. Vile vikubwa vya Marekani hutaka megawati 100 au zaidi. Mjue ukubwa wake kwa mfano huu: Bwawa la Owen Falls kule Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo umeme wake ulivutwa kupitia Tororo hadi Kenya, lina uwezo wa megawati 180 tu. Kwa kuwa gridi haiwezi kuongezwa upesi kiasi hicho, baadhi ya wenye vituo hujijengea mitambo ya gesi uani mwao. Hapa kwetu mpakani hakuna bomba la gesi. Walio karibu nasi ni Watanzania, ambao tangu mwaka 2004 huendesha mitambo ya umeme Dar es Salaam kwa gesi ya Songo Songo.

Kazi ya injini ya gesi si fumbo. Gesi huchanganywa na hewa, huwashwa kwa cheche ya plagi, pistoni husukumwa, na jenereta huzunguka. Ugumu ni kuhakikisha kwamba haisimami kamwe.

Tuseme kituo chataka megawati 100, na kila injini hutoa 10. Katika daftari injini kumi zatosha. Katika kazi hazitoshi. Injini sharti isimamishwe ibadilishwe oili, na wakati huo nyingine yaweza kuharibika. Kwa hiyo hujengwa kumi na mbili: moja kwa ajili ya matengenezo, moja kwa ajili ya bahati mbaya.

Hata hivyo, wingi peke yake haufai. Ikiwa injini zote kumi na mbili zanyonya gesi katika bomba moja, bomba likiziba zote hufa pamoja. Wazee wa Tororo wanakumbuka Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya: njia zilifungwa, malori ya mafuta hayakuvuka, na mafuta yakaadimika Uganda. Jenereta nzima isiyo na mafuta haina tofauti na jabali la Tororo. Dawa yake ni mabomba mawili yanayotoka pande mbalimbali, au injini ziwezazo kutumia dizeli gesi ikikatika, pamoja na matangi yaliyojaa. Hali kadhalika maji ya kupoza na swichi kubwa: visiwe vya namna moja kwa injini zote.

Tena kuna mzigo wa ghafla. Mnawajua waendesha baiskeli wa boda boda, jina lililozaliwa papa hapa mpakani. Mtu akipanda mlima, nawe ukamwongezea gunia bila kumwambia, atayumba. Injini ya gesi ni vivyo hivyo, nayo huitikia polepole kuliko ya dizeli. Kompyuta nyingi zikianza hesabu kwa pamoja, injini hupunguza mwendo, na umeme wetu, ambao sharti ugeuke mara 50 kwa sekunde, huharibika. Kwa hiyo huwekwa betri kubwa, zipokee gunia kwanza, kisha zimkabidhi mwendesha baiskeli kidogo kidogo.

La mwisho ni kujaribu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulizimika karibu Kenya nzima. Katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, jenereta ya akiba ilikuwapo, lakini haikuwaka, na abiria wakakaa gizani. Husemwa kwamba akiba haiozi. Jenereta isiyojaribiwa huoza.

Basi wenzangu, wengi wetu hatutajenga kituo cha data. Lakini baadhi ya zahanati na shule zina jenereta zao nyuma ya nyumba. Mfikapo huko, msiulize tu kama ipo. Ulizeni: mara ya mwisho iliwashwa lini, ilibeba mzigo wote, na mafuta yake hupita njia ngapi? Mama yangu hajui megawati ni nini, lakini mambo hayo matatu yanamhusu kila siku ya soko.