Habasoda Haifukuzi Dawa Nyingine

Kutoka Vanga hadi Kiunga, ni nadra kuikuta nyumba ya Kiislamu isiyoijua habasoda. Punje hizi nyeusi, zinazolimwa Uhabeshi, Bara Hindi na Misri, husagwa zikachanganywa na asali, hufungwa katika kitambaa zikanuswa, na siku hizi hukamuliwa mafuta yakauzwa kwa chupa na vidonge. Mwenye mafua yasiyokwisha, mwenye macho yawashayo, mwenye kupiga chafya kila afunguapo sanduku la nguo, wote huambiwa: shika habasoda. Leo, ndugu msomaji, napenda tuipime dawa hii kwa elimu ya dini na kwa elimu ya tiba, kwani nimeona watu wenye nia njema wakiigeuza kuwa hatari.

Maradhi yenyewe huitwa mzio. Mwili humdhania asiye adui kuwa ni adui: vumbi, unga wa maua, manyoya ya paka, ukungu wa ukutani, na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wakaao ndani ya magodoro na wapendao hewa ya unyevu kama hii yetu. Hapo mwili humwaga kitu kiitwacho histamini. Pua ikafura na kutiririka, na kwa wengine kifua kikabana ikawa pumu. Jina la kizungu la maradhi haya lilibuniwa mwaka 1906 na daktari Clemens von Pirquet wa Vienna. Lakini karne nyingi kabla yake, tabibu Abu Bakr ar-Razi alikwisha kuandika risala juu ya mafua yaliyomshika Abu Zayd al-Balkhi kila yalipofika majira ya mawaridi.

Hadithi yasemaje?

Imamu Bukhari amepokea Hadithi kwamba habasoda ni shifaa ya kila ugonjwa ila mauti. Hiyo hatuishuku. Lakini katika mlango huo huo wa tiba, Mtume (S.A.W.) ametaja pia asali, kuumika na udi wa Kihindi. Lau makusudio ni mtu atupe kila dawa ashike habasoda peke yake, hayo mengine yangetajwa kwa nini? Na wako wanazuoni waliosherehesha wakasema kuwa habasoda hutumiwa mara peke yake, mara pamoja na kitu kingine, kwa kadiri ya ugonjwa.

Watafiti wamepata ndani yake kitu kiitwacho thaimokwinoni, ambacho katika maabara hupunguza uvimbe. Majaribio kwa watu yamefanywa Iran na kwingineko, na baadhi ya wenye mzio wa pua walipata nafuu. Ila majaribio hayo ni machache na madogo.

Vitamini nazo tusizitukuze kupita kiasi. Vitamini C, ya machungwa na mapera, ni chakula chema, lakini ushahidi kwamba inakata mzio ni dhaifu. Na vidonge vikizidi miligramu 2,000 kwa siku, tumbo huweza kuharisha. Vitamini D humfaa zaidi aliyepungukiwa nayo. Asali haijathibitika kuwa dawa ya mzio, na mtoto asiyetimiza mwaka asilambishwe, maana huweza kumletea sumu ya kupoozesha.

Lenye ushahidi mzuri zaidi ni rahisi kuliko yote: kuosha pua kwa maji ya chumvi. Sisi watia udhu kupandisha maji puani si jambo geni kwetu. Kwa tiba, maji yachemshwe kwanza, yapoe, kisha yatiwe chumvi kidogo, nusu kijiko cha chai kwa bilauri.

Iko wapi hatari?

Mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye mwanawe ana pumu, alinambia kwa furaha: "Kaka, mwanangu nishamwachisha ile dawa ya kuvuta. Sasa ni mafuta ya habasoda tu. Ile ingemzoesha." Tulikuwa tukizungumza huku chetezo kikifuka udi chumbani alimolala mtoto. Nikamwambia: "Dada, dawa ile ya kila siku haimzoeshi, inazuia mirija ya pumzi isifure. Ukiiondoa, leo na kesho huenda usione kitu, mpaka usiku mmoja kifua kifunge. Na moshi huu nao unamchokoza." Alinyamaza, kisha akakitoa chetezo uani. Habasoda sikumwambia aiache. Nilimwambia amrudishie mtoto dawa yake, na amweleze daktari yote anayompa.

Kumweleza daktari kuna maana. Habasoda huweza kushusha sukari na shinikizo la damu, basi anayetumia dawa za maradhi hayo asiichanganye kimya kimya. Mwenye mimba asiinywe kwa kipimo cha dawa pasi na ushauri. Na wako ambao mafuta yake yakiwagusa ngozi huwatoa vipele: dawa ya mzio yenyewe ikawa mzio.

Ama mgonjwa akishindwa kusema kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi, si wakati wa kutafuta chupa ya mafuta. Avutishwe dawa yake na akimbizwe hospitali. Mponyaji ni Mola peke yake; sisi tumeamrishwa kutafuta dawa, na dawa alizoziumba si moja.