Kioo cha Kutazamia Nyuma kwenye Baiskeli

Mwendesha baiskeli hupitwa na karibu kila chombo chenye injini, na vyote humjia kutoka mahali asipopaona. Macho ya binadamu yakitazama mbele huona upana wa takriban digrii 200. Sehemu iliyobaki huachiwa masikio na shingo. Masikio hutosha barabara ikiwa tulivu na upepo ukiwa mdogo. Shingo nayo ina gharama yake. Anayegeuka kutazama nyuma huvuta bega, bega huvuta mkono, usukani hufuata, na baiskeli huyumba kuelekea upande uleule unaotazamwa, ambako kwa kawaida ndiko gari linakotokea. Kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa, kila sekunde ya kutazama nyuma ni mita 5 za barabara zilizopita bila kuonwa, na mita 5 zinatosha kabisa kwa shimo, jiwe au mbuzi. Kioo hupunguza gharama hiyo: macho ndiyo husogea, kichwa hutulia, na kilicho mbele huendelea kuonekana pembezoni mwa macho.

Kioo bapa hufanya kazi kama dirisha. Taswira hukaa nyuma yake kwa umbali uleule ambao kitu kiko mbele yake, na ukubwa wake haubadiliki. Kinachoonekana kupitia dirisha hutegemea mambo mawili, upana wa dirisha lenyewe na umbali wa jicho kutoka hapo, na wanunuzi wengi hupima la kwanza tu. Kioo bapa chenye upana wa sentimita 7 kilichofungwa kwenye usukani, sentimita 70 kutoka jichoni, huonyesha pembe isiyofika digrii 6. Mita 30 nyuma ya baiskeli, pembe hiyo ni ukanda wa mita 3 hivi, yaani njia moja ya gari na hakuna zaidi. Kioo cha sentimita 4 kilichoning'inizwa kwenye helmeti, sentimita 12 mbele ya jicho, hufikisha digrii 19, na mita 30 nyuma ukanda wake hufika mita 10: barabara yote pamoja na kando zake. Hapo kioo kidogo kimeshinda kikubwa, tena kwa mbali.

Anayetaka kubaki na kioo cha usukani na bado aone barabara yote hana budi kutumia kioo mbinuko, kile ambacho uso wake umevimba kuelekea kwa mtazamaji. Kadiri kinavyobinuka ndivyo nusu kipenyo cha mbinuko kinavyopungua na ndivyo uwanda unavyopanuka. Kioo kilekile cha sentimita 7, mahali palepale, kikiwa na nusu kipenyo cha sentimita 60, hufungua digrii 19 badala ya 6. Lakini upana huo hununuliwa. Kila kinachoonekana hupungua mara tatu na ushei, hivi kwamba gari lililo mita 20 nyuma huonekana dogo kama lile ambalo kioo bapa kingelionyesha likiwa mita 65. Nusu kipenyo kikishuka hadi sentimita 30, uwanda hufika digrii 32, na magari hupungua karibu mara sita. Kwa kioo cha ukubwa mmoja kilichokaa mahali pamoja, kiasi kilichoongezeka katika upana ndicho kilichopotea katika ukubwa, na hakuna fundi wala kiwanda kinachoweza kukwepa hesabu hiyo.

Watunga sheria za magari waliliona jambo hili mapema. Nchini Marekani, kioo cha upande wa dereva hutakiwa kiwe bapa. Cha upande wa abiria kikiwa mbinuko, nusu kipenyo chake lazima kiwe kati ya milimita 889 na 1,651, na kiwe kimeandikwa onyo kwamba vitu vinavyoonekana humo viko karibu kuliko vinavyodhaniwa. Kioo cha baiskeli kinaweza kubinuka kuliko kiwango hicho mara mbili na kisiwe na neno hata moja la onyo.

Udogo wa taswira haudanganyi kuhusu umbali peke yake. Jicho hutambua kwamba gari linakaribia kwa kuona taswira yake ikikua, na ukuaji huo lazima uvuke kiwango fulani ndipo ubongo uushtukie. Kiwango ambacho watafiti wa uendeshaji hukitumia mara nyingi ni radiani 0.003 kwa sekunde, karibu sehemu ya sita ya digrii. Chukua gari la upana wa mita 1.8 linaloikaribia baiskeli kwa tofauti ya mwendo ya kilomita 60 kwa saa. Katika kioo bapa, ukuaji wake huvuka kiwango hicho likiwa bado mita 100 nyuma, sekunde 6 kabla ya kufika. Katika kioo mbinuko cha sentimita 60 kilichotajwa juu, huvuka likiwa mita 55 hivi, na zilizobaki ni sekunde 3 na kidogo. Kabla ya hapo gari huonekana, ila huonekana kana kwamba limesimama palepale. Hii ndiyo sababu kioo mbinuko hufaa zaidi kujibu swali la kama kuna kitu nyuma, kuliko swali la lini kitafika.

Aina hizi mbili hutofautiana pia katika kazi zinayolitwika jicho lenyewe. Taswira ya gari katika kioo bapa iko mbali sawa na gari lenyewe, hata kioo kikiwa sentimita 12 tu kutoka jichoni. Mtu mzima anayehitaji miwani ya kusomea gazeti hana haja nayo kutazama kioo cha helmeti, kwa kuwa hatazami uso wa kioo bali barabara iliyo nyuma yake. Asiyeona mbali, kinyume chake, atahitaji miwani yake kama kawaida. Kioo mbinuko cha usukani hugeuza mambo: taswira zote hujikusanya ndani ya sentimita 30 hivi nyuma ya uso wake, karibu mita 1 kutoka jichoni, na macho yaliyokuwa yakitazama mbali hulazimika kurekebisha kila yanapokigeukia.

Mahali pa kukifunga basi huamuliwa na hesabu, na pia na tabia za baiskeli yenyewe. Kioo cha helmeti au cha mkono wa miwani hufuata kichwa: mgeuko mdogo wa kichwa hukipitisha barabara yote ya nyuma, na hata kioo bapa hutosha. Ubaya wake ni kwamba huonwa na jicho moja wakati la pili linaona mbele, na ubongo huchukua muda kuzoea mabishano hayo. Wengine hawazoei kabisa. Kioo cha ncha ya usukani hakihitaji helmeti, hakizibi kitu mbele ya uso, na hubaki mahali pake hata baiskeli ikibadilisha mpandaji, jambo kubwa kwa baiskeli ya familia au ya kukodisha. Hata hivyo hugeuka kila usukani unapogeuka, kwa hiyo kwenye kona huonyesha majani.

Halafu kuna mtikisiko. Kioo kikipinda kwa pembe fulani, mwale unaorudi kutoka humo hupinda kwa pembe mara mbili ya hiyo. Shina likitetemeka digrii 1 tu, mwonekano wa mita 30 nyuma huruka karibu mita 1 nzima, na gari hugeuka kuwa ukungu. Mwaka 1911 dereva Ray Harroun alishinda mashindano ya kwanza ya magari ya maili 500 ya Indianapolis, Marekani, akiwa peke yake ndani ya gari, bila fundi msaidizi ambaye kwa desturi ndiye aliyetazama nyuma. Badala yake alifunga kioo. Baadaye alikiri kwamba matofali ya uwanja ule yalikitikisa hata hakuona mengi. Barabara ya vumbi yenye matuta si laini kuliko matofali ya Indianapolis. Dawa ni shina fupi na nene, kioo chepesi, na kifungio kilicho karibu na kiganja, kwa sababu mkono uliobana usukani humeza sehemu ya mtetemo. Kipande cha tyubu kuukuu kikizungushwa chini ya kifungio huongeza mshiko na hupunguza mlio.

Vioo vya pikipiki vinavyouzwa kila duka la vipuri huvutia kwa bei na ukubwa, na mafundi wengi huvifunga kwenye baiskeli. Vingi hushika kwa skrubu ya milimita 10, kwa hiyo huhitaji kibano chenye tundu la kipimo hicho. Baadhi ya vioo vya kulia, hasa vya Yamaha, vina nyuzi zinazokazwa kinyume, na anayelazimisha huishia kuvunja kibano. Ni vizito pia, na uzito juu ya shina refu ndio mwaliko wa mtikisiko uleule. Kwenye baiskeli za mtindo wa Phoenix, ambazo breki zake huvutwa kwa vyuma badala ya waya, vyuma hivyo hupita chini ya usukani na kula nafasi ya kibano. Huko kioo cha kuchomeka kwenye ncha ya usukani hukaa vizuri zaidi, mradi ncha ya mpira wa mshikio ikatwe kufungua tundu.

Upande wa kufunga si suala la mazoea ya mkono. Tanzania, Kenya na Uganda magari huendeshwa upande wa kushoto, kwa hiyo yanayompita mwendesha baiskeli huja kuliani kwake, na kioo hukaa kulia. Rwanda, Burundi na Kongo ni kinyume chake. Kioo kilichotengenezwa kwa soko la upande mwingine huweza kuwa na shina lisilogeuzika, na mnunuzi hufanya vyema kukigeuza mkononi dukani kabla ya kulipa.

Mzigo huharibu mipango yote hii. Waendesha baiskeli wanaoteremsha mikungu ya ndizi kutoka milima ya Burundi kuelekea Bujumbura hubeba rundo pana kuliko mabega yao, na magunia ya mkaa hufanya vivyo hivyo. Kioo cha helmeti hapo huonyesha ndizi. Mstari wa macho lazima upite nje ya ukingo wa mzigo, maana yake kioo kitokeze mbali zaidi kuliko gunia lenyewe. Kisipofika huko, hakina kazi. Abiria aliyekaa kwenye keria huziba kidogo tu, kwa kuwa mabega yake kwa kawaida hayazidi upana wa usukani.

Ubora wa kioo hupimwa bila chombo. Kioo kikielekezwa kwenye nguzo ya umeme au fremu ya mlango na kusogezwa polepole, mstari uliopaswa kunyooka ukicheza kama maji, uso wake una mawimbi na gari litaonekana humo likinepa. Mbinuko hupimwa kwa rula: ikilazwa juu ya kioo cha sentimita 7 chenye nusu kipenyo cha sentimita 60, hugusa katikati na kuacha upenyo wa kama milimita 1 kila ukingo. Upenyo ukiwa mkubwa zaidi, mbinuko ni mkali zaidi. Kioo halisi hutoa taswira safi lakini hupasuka baiskeli ikianguka. Plastiki haipasuki, ila huchubuka kila inapofutwa vumbi kikavu, na ndiyo maana huoshwa kwa maji kwanza. Chuma cha pua kilichong'arishwa hurudisha takriban asilimia 60 tu ya mwanga, pungufu sana kuliko alumini iliyopakwa nyuma ya kioo.

Marekebisho hufanywa mpandaji akiwa amekaa kama atakavyokaa njiani, baiskeli ikishikwa na mtu mwingine. Upeo wa barabara ukae katikati ya kioo, na ukingo wa ndani uonyeshe kipande chembamba cha kiwiko au bega. Kipande hicho si cha urembo. Kikitoweka, kioo kimesogea. Hata kikiwa sawasawa, kati ya ukingo wa nje wa kioo chenye uwanda wa digrii 19 na mwisho wa uwezo wa macho hubaki pengo la kama digrii 60, ambamo bodaboda huenea yote. Kwa hiyo kabla ya kukwepa shimo au kukata kona, utaratibu ni kutazama kioo mapema, kuinamisha kichwa kidogo ili kioo kifagie pembeni, kisha kugeuza uso kwa mara moja fupi kuelekea begani. Kioo kimeshasema kwamba nyuma ni shwari. Bega huthibitisha kwamba ubavuni nako ni hivyo.

Usiku, kioo bapa hurudisha taa za gari machoni kwa ukali wake wote, na baiskeli haina ile swichi ya kupunguza mwanga iliyo kwenye kioo cha ndani ya gari. Kioo mbinuko hapo huwa na nafuu. Umbali husomwa kwa nafasi kati ya taa mbili, lakini taa moja haisemi lolote: inaweza kuwa pikipiki, inaweza kuwa lori lenye taa mbovu.

Siku hizi kuna radari za kufunga chini ya siti. Teknolojia yake ilikuzwa na kampuni ya iKubu ya Stellenbosch, Afrika Kusini, ambayo kampuni ya Garmin iliinunua mwaka 2015, na vifaa vingi vilivyotokana nayo hugundua magari yakiwa hadi mita 140 nyuma. Huhitaji kuchajiwa, na hutegemea tofauti ya mwendo. Lori linaloifuata baiskeli kwa mwendo uleule, likisubiri nafasi ya kupita, linaweza kufutika kwenye kifaa hicho. Kwenye kioo bado linaonekana.