Damu Isiyoonekana Gotini

Anayeishi na hemofilia kali hulijua swali la kwanza la daktari kabla hajakaa kitini: tangu tuonane, umevuja damu mara ngapi? Jibu huandikwa daftarini, na kwa miaka mingi hesabu hiyo ndiyo iliyoamua nani aongezewe dawa na nani aendelee vile vile. Mwaka 2007 utafiti mmoja wa Marekani ulionyesha kuwa hesabu hiyo haitoshi, na kwa maoni yangu fundisho lake bado halijatufika sawasawa.

Marilyn Manco-Johnson na wenzake waliwachukua wavulana 65 wenye hemofilia A kali, wote wakiwa hawajafikisha miezi 30, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilidungwa faktari ya nane, protini ya kugandisha damu wanayoikosa, siku moja ndiyo, siku moja hapana, uniti 25 kwa kila kilo ya uzito, hata mtoto akiwa mzima anacheza. Kundi la pili lilitibiwa kila mtoto alipovuja, tena kwa dozi kubwa zilizorudiwa siku zilizofuata. Walipotimiza miaka sita walipigwa picha za MRI za vifundo vya miguu, magoti na viwiko. Katika kundi la kwanza, asilimia 93 walikuwa na viungo vizima vyote sita. Katika la pili, asilimia 55.

Tofauti hiyo pekee ilitosha kuthibitisha walichokuwa wakikifanya madaktari wa Malmö, Sweden, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: kumpa mtoto dawa kabla hajavuja. Lakini picha zilisema na jingine zito zaidi. Idadi ya mara ambazo kiungo kilivimba kwa damu haikulingana vizuri na uharibifu uliokutwa ndani yake. Vilikuwepo viungo ambavyo mzazi na daktari waliamini havijawahi kuvuja, na mifupa yake imeshaanza kulika. Watafiti walidhani ni matone madogo madogo, yasiyoleta uvimbe wala maumivu, yanayopenya ndani ya kiungo au chini ya gegedu mwezi baada ya mwezi.

Jambo hilo halishangazi ukijua damu hufanya nini mahali pale. Ndani ya kiungo kuna utando laini unaotoa ute wa kulainisha. Damu ikimwagika, utando huo ndio huisafisha, na madini ya chuma yaliyomo hubaki humo humo kama hemosiderini. Utando hukasirika, huwa mnene, huota vijishipa vipya vilivyo dhaifu, na hivyo ndivyo vinavyovuja tena. Gegedu, ambayo haina mishipa ya damu na hujitengeneza kwa shida sana, huliwa pole pole.

Eksirei haiyaoni hayo, kwa kuwa huona mfupa. Kipimo cha Pettersson cha mwaka 1980, chenye alama 13 kwa kila kiungo, huhesabu nafasi iliyopungua kati ya mifupa, mashimo na kingo zilizolika. Nafasi ikishapungua, maana yake gegedu imeshakwenda. MRI huona maji, utando ulionenepa, chuma kinachojitokeza kama weusi, na gegedu yenyewe. Katika kipimo chake kinachotumika kimataifa, kati ya alama 17, tisa ni za utando, maji na chuma. Nane ni za gegedu na mfupa. Mimi naziona zile tisa kuwa ndizo za thamani zaidi, kwa sababu bado zinamwacha daktari na la kufanya.

Mashine hiyo ina gharama, nayo ni adimu nje ya hospitali kubwa za Afrika Mashariki. Mtoto mdogo hawezi kutulia humo muda wote unaotakiwa, kwa hiyo mara nyingi hulazwa usingizi kwa dawa. Ultrasaundi ni rahisi kuipata, huonyesha utando na maji papo hapo, na tangu mwaka 2013 kuna utaratibu mfupi wa kupima viungo hivyo sita kwa njia hiyo. Haifiki ndani ya mfupa, wala kwenye gegedu iliyofunikwa na mfupa. Hata hivyo, ni bora kuliko kuhesabu uvimbe tu.

Ninachokataa ni kuigeuza picha kuwa sharti la dawa. Wengi wa watoto wetu bado hupata faktari wakishavuja, mara nyingi kutokana na msaada wa Shirikisho la Dunia la Hemofilia. Mtoto wa Tabora au Kitui hahitaji kulala ndani ya mashine ndipo tujue kuwa kusubiri kunamuumiza. Wale wavulana walishatuonyesha. Mwongozo wa Shirikisho wa mwaka 2020 nao unataka wenye hemofilia kali wapewe tiba kinga mapema, kwa dozi ndogo pale ambapo kubwa haipatikani.

MRI ibaki kwa maswali ambayo mkono na ultrasaundi haviwezi kuyajibu: kifundo kinachouma bila kuvimba kwa mtu anayefuata dawa vizuri, au kiungo kinachofikiriwa kuondolewa utando. Na fomu ya kuombea picha iandikwe wazi kwamba mgonjwa ana hemofilia, ili mpiga picha aongeze mfuatano wa gradienti eko. Ndio unaokifichua chuma. Bila huo, amana ndogo za zamani zinaweza kumpita msomaji wa picha.