Binti wa Makambako na Kazi ya Kumsemea Msanii

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita hapo. Ile iendayo Njombe na Songea huchepukia hapo. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake hapo hapo. Malori hulala, mabasi husimama, na abiria hushuka kutafuta viazi vya kukaanga na chai ya moto, kwa maana baridi ya nyanda hizi haimsubiri mgeni aizoee.

Katika mgahawa mdogo kando ya stendi, tukiwa safarini kutoa elimu ya afya mjini Njombe, mwendo wa kilometa 60 hivi kutoka hapo, tulihudumiwa na binti aliyekuwa likizoni kati ya kidato cha tano na cha sita. Alisoma maandishi kwenye fulana zetu, akaweka vikombe mezani, kisha akasimama kama mtu aliyeandaa swali siku nyingi.

"Shikamooni, madaktari. Mimi nasoma HKL. Nataka nikasomee uhusiano wa umma, nifanye kazi na wasanii. Shangazi anasema hiyo ni kazi ya kubeba mikoba. Eti ni kweli?"

Shangazi, mwenye mgahawa, alicheka jikoni bila kugeuka. Ndiye aliyemlea binti huyo tangu akiwa na miaka minne. Sababu haikutajwa, nasi hatukuiuliza. Katika mkoa huu, mgeni mwenye adabu hujifunza mapema maswali ya kuyaacha.

Tulimjibu kwa ufupi, kwa kuwa gari lilikuwa likisubiri. Swali lake lilistahili jibu refu zaidi, na makala haya ni jaribio la kulitoa.

Vijana wengi wa Kitanzania wameifahamu kazi ya usemaji kupitia mpira. Haji Manara, aliyeisemea Simba kisha mwaka 2021 akahamia Yanga, aliwafanya watoto wa shule waigize mikutano ya waandishi wa habari uwanjani wakati wa mapumziko. Lakini mdomo ni sehemu ndogo ya kazi hii. Anayemsemea msanii hushinda akiandika: taarifa kwa vyombo vya habari, maelezo ya wimbo mpya, majibu ya tuhuma iliyozuka usiku wa manane mitandaoni. Hupanga mahojiano, husoma mkataba wa mdhamini kabla msanii hajatia saini, na hujua vibali vinatoka wapi. Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 1984, linamhusu kila juma. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inampasa aifahamu kuliko msanii mwenyewe. Mikoba hubebwa pia, hatutamficha shangazi.

Msomaji atauliza jambo hili linalihusu vipi jarida la chuo cha tiba. Linalihusu kwa sababu ya idadi ya watu wanaomsikiliza msanii, ikilinganishwa na idadi ya wanaotusikiliza sisi. Daktari wa zamu huongea na mgonjwa mmoja mmoja, tena akiwa amekwisha kuugua. Mwimbaji aliye jukwaani huongea na uwanja mzima wa watu wazima wa afya, wengi wao vijana. Na yale atakayoyasema katikati ya nyimbo mbili, mara nyingi huwa yameandikwa na mtu asiyeonekana, aliyesimama nyuma ya spika na karatasi mkononi.

Katika Mkoa wa Njombe, karatasi hiyo ina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani humo wanaishi na virusi vya UKIMWI. Ule wa mwaka 2022–23, uliopima wenye miaka 15 na zaidi, ulikuta asilimia 12.7, ilhali wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Takwimu hizo zisisomwe kama habari ya kushindwa tu. Dawa za kufubaza virusi zimewafanya watu waishi, na mtu anayeishi huendelea kuhesabiwa. Hata hivyo, Njombe imebaki juu kuliko mikoa yote.

Lipo na jambo la pili, ambalo huwashangaza wageni. Mkoa huu unalima viazi, mahindi, maharage na maparachichi. Malori yanayopita Makambako yanalisha miji mingine. Na bado utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 50.4 ya watoto walio chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Malaria, kwa upande wake, ni chini ya asilimia moja kwa watoto hao, kwa sababu mbu hawaipendi baridi kama sisi tusivyoipenda.

Tumetaja malaria kwa makusudi. Mwaka 2010 wanamuziki wengi maarufu walishirikishwa katika kampeni ya Zinduka iliyohimiza matumizi ya chandarua, na kwa nchi yenye Pwani na Kanda ya Ziwa lilikuwa jambo la maana. Lakini msanii akipelekwa Njombe na karatasi ile ile iliyoandaliwa kwa ajili ya Mwanza au Lindi, watu watampigia makofi, kisha watarudi nyumbani kwa mtoto aliyeshiba ugali na ambaye bado amedumaa. Afisa uhusiano anayeijua Njombe ndiye angeipindua karatasi hiyo kabla gari la wasanii halijapita Makambako. Kwa hakika hili ndilo tulilotaka kumwambia binti yule: kuzaliwa mahali ni sehemu ya elimu yake, na Dar es Salaam hawaifundishi.

Historia ya nchi yetu ina mfano bora wa burudani iliyoandaliwa kwa kumjua msikilizaji. Mwezi Julai mwaka 1993, Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Mhusika mmoja aliitwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Mkewe, Tunu, alianza akiwa mwoga na mnyamavu, akageuka taratibu, akaanzisha biashara yake na hatimaye akaachana na mumewe. Mkwaju aliugua UKIMWI akafa. Mtu wa Makambako hakuhitaji kufafanuliwa dereva wa lori ni nani. Alikuwa akimwuzia chai. Waandishi hawakumhubiria msikilizaji. Walimwonyesha watu watatu au wanne anaowafahamu, wakamwachia aamue yupi anafanana naye.

Kilichoufanya mchezo huo ujulikane duniani ni kipimo chake. Kati ya mwaka 1993 na 1995, kituo cha Dodoma hakikuurusha. Kilirusha vipindi vingine. Watafiti, akiwamo Everett Rogers wa Marekani na wenzake Watanzania, waliwalinganisha wakazi wa eneo hilo na wa sehemu nyingine za nchi. Walikuta kwamba pale mchezo uliposikika, wasikilizaji waliripoti kupunguza idadi ya wapenzi na kuongeza matumizi ya kondomu, na uzazi wa mpango nao ulipata wafuasi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 na 2000. Sisi wa fani ya tiba, tunaopenda kudai ushahidi kwa kila kidonge, hatuna budi kukiri kwamba mchezo ule wa redio ulipimwa kwa uangalifu kuliko semina nyingi tunazoziendesha kwa bidii na posho.

Si kila mara vyombo vya habari vilimfungulia msanii mlango. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu mashariki mwa Kongo aliyeifanya Dar es Salaam kuwa kwake, alipotunga Mambo kwa Soksi kuhimiza kondomu, redio ya taifa haikukubali kuupiga. Wimbo ulienea kwa kaseti na kwenye kumbi. Hapo kazi ya uhusiano ingekuwa nini? Kuupunguza makali ili upigwe, au kuutetea ulivyo? Wanaofundisha fani hii wana majibu tofauti, na mwanafunzi atalazimika kuwa na lake.

Kisa kizito zaidi kinatoka Uganda. Mwezi Aprili mwaka 1989, mwanamuziki Philly Lutaaya, aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Alikuwa Mganda wa kwanza mashuhuri kufanya hivyo. Wapo waliomwambia ni mwongo, kwamba anatafuta kuuza santuri. Alizunguka shule na makanisa akiwa amekonda, mpaka macho yenyewe yakawa ushahidi, na tarehe 15 Desemba mwaka huo huo akafariki. Ugonjwa wa mtu maarufu ulikuwa umegeuka elimu kwa taifa. Lakini ulikuwa ugonjwa wake, na uamuzi ulikuwa wake.

Neno hilo la mwisho tunaliwekea mkazo kwa sababu hapa ndipo fani ya binti yule na fani yetu zinapokutana, na ndipo zinapoweza kukosana vibaya. Afisa uhusiano ataijua siri. Atajua kwa nini onyesho limeahirishwa, dawa gani imo katika mkoba, nani ametoka hospitali gani. Kila siku atapigiwa simu na mwandishi anayetaka "kuthibitisha tu". Sheria Na. 28 ya mwaka 2008 kuhusu UKIMWI inalinda usiri wa majibu ya vipimo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Msemaji anayejibu kwamba msanii wangu haumwi UKIMWI, anaumwa vidonda vya tumbo, amekwisha kuvunja siri moja na kuongeza unyanyapaa kwa mamia ya watu waliomsikia. Jibu la kitaaluma ni fupi: msanii anapumzika, tiketi zitarudishwa tarehe fulani. Kulisema bila kutikisika, simu ikiita kwa mara ya kumi, ni ustadi unaofundishika.

Unafundishwa wapi? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uhusiano wa umma na matangazo katika Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, nacho hufundisha uhusiano wa umma. Anayetaka kuifahamu sanaa kwa ndani ana Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mchepuo wa HKL haumfungii mlango. Tungemshauri, kabla ya hayo yote, aombe kukaa mwezi mmoja katika redio iliyo karibu naye, hata kama kazi itakuwa kupokea simu za salamu, maana huko ndiko atakakosikia watu wanavyoongea wasipojua kwamba wanaelimishwa.

Siku tatu baadaye, tukirudi kutoka Njombe, tulisimama tena pale pale. Kabla ya kuondoka tulikuwa tumemwachia zoezi: aandike tangazo la dakika moja kuhusu udumavu, ambalo mwimbaji angelisoma jukwaani. Alikuwa ameliandika katika daftari la shule, kwa mwandiko safi. Lilianza kwa kuwahimiza akina mama kumlisha mtoto mara tano kwa siku vyakula vya makundi yote.

Alimsomea shangazi kwanza, sisi tukisikiliza.

"Makundi yapi?" shangazi aliuliza, mikono ikiwa bado kwenye unga. "Na hiyo mara tano analisha nani? Mimi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, mtoto namwachia dada yake wa miaka minane. Mwambie huyo dada."

Binti alitazama karatasi kwa muda. Kisha akaomba kalamu, akaufuta mstari wa kwanza, na akaanza kumwuliza shangazi yake nini kinabaki jikoni saa kumi na moja alfajiri, na nini kati ya hivyo mtoto wa miaka minane anaweza kukiponda bila kuwasha moto.

"Parachichi," shangazi alisema. "Kiporo cha maharage. Yai, kama lilichemshwa jana."

Aliyaandika yote matatu. Dereva wetu alikuwa amekwisha kuwasha gari.